Mkono Aliouachia Yaya Jamali

Mwasiti binti Asmani,
Nyuma ya soko, Rumonge,
21 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Ayubu,

Asalaam alaikum. Amahoro huko Kanada? Mgongo wako umepoa, au kazi ya ghala bado inakuumiza? Na wifi yangu Kaoutar, hajambo? Mwambie kitambaa alichonitumia nilikivaa siku ya Idi, na kila mtu aliniuliza nimekipata wapi. Sisi huku tuko wazima wa mwili, Alhamdulillahi. Mvua za kwanza zimeanza, na mawese mwaka huu si haba.

Umeniuliza kwenye telefone mara tatu kwa nini yaya Jamali, kaka yetu mkubwa, hakupokei, na mara tatu nimekudanganya kwamba yuko shambani. Unisamehe. Kulitamka jambo lenyewe nimeshindwa, ndiyo maana naliandika, na barua hii nampa Moussa anayesafiri kuja huko wiki hii.

Mwezi wa saba, ziwa lilipokuwa limefungwa watu wasivue na wavuvi wamekaa bure, yaya alikuwa anarudi kwa miguu kutoka Gatete, wakati wa alasiri, baada ya kupeleka bidon za mawese. Pale kwenye michikichi mingi mtu alimkaba shingo kwa nyuma, akamwekea kisu ubavuni. Unajua mwili wa yaya ulivyo, haungoji amri. Alishusha kiuno, akaubana mkono wenye kisu, akageuka na kumfagia mguu. Ni ile silat, mbinu ya kujihami aliyotufundisha uani, aliyoipata kwa yule fundi Mwindonesia aliyekuja kufunga mashine za kukamulia mawese. Yule mtu akaanguka chali, kisogo kikapiga ukingo wa mtaro wa mawe. Hakuinuka tena.

Yaya alipoinama kumtazama, akamkuta ni Jean-Pierre, mtoto wa Generoza. Ndiyo, Generoza yule yule jirani yetu, aliyekulea wewe mama alipolazwa. Yaya alimbeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha gari, lakini Jean-Pierre alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Polisi na watu wa parike, wale waendesha mashtaka, walimweka yaya ndani siku tisa. Waliuliza mashahidi, wakakitazama kisu, wakasema alijikinga, aende nyumbani. Vijana wa mtaa walitaka kumpokea kwa shangwe. Alipita katikati yao bila kuinua macho.

Kesho yake tulikwenda kwa Generoza, mimi na yeye, na gunia la mchele. Tulimkuta amekaa mkekani, na kando yake mkwewe Eliana, mjane wa Jean-Pierre. Hakutufukuza. Akamwambia yaya taratibu:

"Jamali, mutoto wangu alikosa. Kisu ilikuwa yake, najua. Lakini wewe uko mwalimu, yeye hakujua kitu. Haukuweza kumuangusha polepole?"

Tuliuacha mchele mlangoni.

Njiani alinishika bega, Ayubu, akaniambia neno ambalo polisi hawakulisikia.

"Mwasiti, mkono wake nilikuwa nao. Ukimufagia mutu unabaki umemushika mkono, aanguke kwa ubavu, kichwa kisiguse chini. Miaka kumi na nane nafundisha hivyo. Siku ile niliuachia."

Nikamwambia ilikuwa hofu, na mtu yeyote mwenye kisu ubavuni angeachia.

"Haikuwa hofu," akasema. "Ilikuwa hasira."

Basi akaufunga uwanja wake wa mazoezi pale uani. Unawajua wanawake wa sokoni waliokuwa wakija kila Jumanne kujifunza kujinasua mkono ukishikwa, na ile kung fu ya kuzuia pigo lililo karibu na mwili, aliyofunzwa na Mchina mmoja wa kazi ya barabara. Walikuja kama kawaida, Mariam muuza mikeke akiwa mbele yao. Yaya aliwaambia getini, "Rudini nyumbani. Mimi si mutu wa kufundisha watu." Mariam alilia barabarani kama mtoto.

Ziwa lilipofunguliwa, mwisho wa mwezi wa nane, tukaona Generoza anaingia uani kwetu, amemshika Eliana mkono. Nilidhani amekuja kutulaani.

"Huyu anashuka ufukweni kungali giza, kununua samaki wa ndagala," akamwambia yaya. "Bwana hana tena. Mufundishe."

"Mama, siwezi kumugusa huyu."

"Nani basi atamukinga? Ni wewe umemubakisha peke yake."

Yaya aliingia ndani, akajifungia. Generoza alisimama pale hadi magharibi. Mwishowe Mariam, niliyekuwa nimemwita, akasema atamfundisha yeye. Uwanja ukafunguka hivyo, Jumanne zimerudi, na Eliana hajakosa hata moja. Anajifunza kwa bidii inayonitia uchungu kuitazama.

Yaya hatoki. Jumanne iliyopita nilimpelekea chai wakati wanawake wanahesabu hatua uani. Nilimkuta sakafuni, uso kaugeuzia ukuta. Miguu yake ilikuwa inafuata ile hesabu, moja, mbili, tatu, na mikono yote miwili ameikalia.

Mdogo wangu, wewe ndiye mwanafunzi wake wa kwanza. Usije kumwambia hana kosa. Sote tumemwambia, na yeye ndiye aliyekuwepo. Njoo tu ukae naye sakafuni pale, hata kwa wiki mbili.

Shangazi Zainabu anakusalimu sana, na Ernestina wa duka la vitambaa, na Mariam. Mpe Kaoutar mkono wangu. Mola akuepushe na shari, na akikukutanisha nayo, akupe moyo uliotulia.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwasiti