Mama, Hukuwa Umechanganyikiwa

Mpendwa Mama,

Bado nina hasira. Watu wa kanisa wananiambia nimwachie Mungu, na mengi nimemwachia, lakini hili la chumba cha daktari kule Kitale nimekataa.

Unakumbuka tulivyotoka Tongaren asubuhi ile? Wafula, mume wangu, aliendesha gari macho barabarani tu, nawe nyuma, umejitanda leso hadi kwenye nyusi. Miaka yote hamkuwahi kula meza moja, maana kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana hivyo. Lakini mlipendana kwa namna yenu. Yeye alikuletea sukari akaiacha mlangoni, wewe ukampa kuku kupitia kwangu. Nilikuwa nawacheka.

Nilikuwa kwenye foleni ya kadi daktari alipokuita. Akamwona Wafula nje, akamwambia, "Ingia utueleze huyu mzee ana shida gani." Nilipofika nilikukuta umegeukia ukuta, leso imefunika uso, na Wafula anatazama viatu vyake, jasho linamtoka.

"Amechanganyikiwa," daktari akaniambia mimi, si wewe. "Hata jina lake hasemi. Ni uzee tu."

"Daktari, huyu ni mkwe wake!"

"Ati mkwe? Si hayo ni mambo ya kizamani, bana."

Akakuandikia vidonge vya kukutuliza. Wewe, uliyewataja wajukuu wote na ng'ombe wa kila boma bila kukosea! Nje, Wafula alipokwenda kuleta gari, ukaninong'oneza: "Mkojo inanichoma kama pilipili. Ningesema aje mbele ya mkwe?" Nikarudi mbio nikamweleza daktari. Kijana yule hakuinua hata kichwa.

"Nimeshaandika. Akimaliza dawa, mrudi."

Hukumaliza. Vidonge vilikulevya, ukaanguka jikoni, nyonga ikavunjika. Hospitali ya Bungoma tulikupeleka ukiwa hai, tukakurudisha kwenye sanduku. Wafula anajilaumu mpaka leo kwamba aliingia. Aliitwa na daktari, Mama, angekataaje?

Sasa nimealikwa huko huko Bungoma nikazungumze. Wanawafundisha madaktari wa vituo vya afya jinsi ya kuwatibu wazee. Sasa ndiyo wanakumbuka! Mwalimu wao aliniambia kwa upole kwamba wengi hawakuwahi kufunzwa habari za wazee. Nikamuuliza, basi ni nani aliyewapa kalamu?

Nitakwenda, lakini hotuba sina. Nitamsimamisha Wafula mlangoni, nitaketi, nitajifunika leso yako ya samawati na kugeukia ukuta. Waulize watakavyouliza, nitanyamaza kama ulivyonyamaza, mpaka mmoja wao apate akili ya kumtoa mwanamume, avute kiti karibu, aniulize mimi mwenyewe. Hata chai yao ipoe.

Lala, Mama. Huko uliko, usijifunike tena.

Binti yako,
Nasimiyu