Kisa Ambacho Baba Hakukimaliza

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka Zombe, na Mungu akupe subira katika eda yako huko Mombasa kwa mjomba. Miguu je, bado inavimba? Mimi ni mzima wa mwili. Mvua imenyesha, ndengu zimeota, na duka linakwenda hivyo hivyo.

Ila Alhamisi zinanitesa, Mama. Watu wa Baba bado wanakuja baada ya alasiri kusikiliza maisha ya Mtume. Wanaketi jamvini, wanaacha wazi pale alipokuwa akikaa yeye, na mimi nikisoma, macho yao yako pale. Mara nyingine naisikia sauti yake ikinitangulia neno. Naogopa, sikufichi.

Unaijua desturi yake. Akifika pale Mtume anapougua, hufunga kitabu na kusema, "Wiki ijayo." Wiki ijayo anarudi kwenye mazazi, watu wanasimama, wanamswalia, na kisa kinaanza upya. Miaka yote hiyo, hapa Zombe hakuna aliyewahi kusikia Mtume akifa.

Juzi nami nikafika hapo, nikafunga kitabu. Mama Kavata, yule bibi muuza tumbaku aliyesilimishwa na Baba, akanishika mkono.

"Kijana, mimi nimezeeka. Hii hadithi iko na mwisho ama haina?"

"Baba hakupenda kuusoma, nyanya."

"Baba yako ameenda. Wewe soma."

Nikasoma. Homa, kichwa kuuma, maji aliyomwagiwa apate kupoa, mpaka akafariki kichwa chake kikiwa kifuani mwa mkewe. Hakuna aliyelia. Mama Kavata akauliza, "Na mwalimu wetu, ni nani alimshika kichwa?"

Mama, sikujua. Ulipompeleka hospitali huko mimi nilibaki na duka, barabara ikakatika kwa mafuriko, na habari ikanifikia ameshazikwa. Nimeona haya kukuuliza tangu siku ile. Wakaningoja, kana kwamba jibu ni ukurasa uliobaki kusomwa. Nikawaambia nitakuandikia.

Nisalimie mjomba na mkewe, na dada yangu Zuhura na mtoto wake. Mwambie mjomba dawa ya kifua niliipata.

Alhamisi watakuja tena. Niambie, Mama, ulikuwa umemshika? Na kama hapakuwa na mtu, niandikie hivyo hivyo, nitawasomea.

Mwanao akupendaye,
Athumani