Maji Matamu ya Pikapu

Mwende mjukuu wangu,

Huku Matinyani tuko wazima. Mbuzi amezaa mapacha, na mjomba wako bado anaahidi kurekebisha paa. Unauliza kama uuze hilo gari kuukuu kwa sababu linachemka. Ngoja kwanza. Unaliwekea maji gani?

Pikapu yetu ya zamani nilikuwa naitengeneza mwenyewe, babu yako akiwa kazini Mombasa. Siku moja nilifungua rejeta nikakuta imeziba kwa ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika. Ni yale maji ya kisima, yenye chumvi. Nikaiosha, na tangu hapo nikaiwekea maji ya mvua.

Weh! Jirani yetu Mama Kasyoka alinisema mbele ya kanisa lote: "Watu wanakunywa chumvi, na huyu ananywesha gari maji matamu!" Wakacheka. Na tangi lilikuwa langu, mchanga wa kulijenga niliubeba kwa mgongo huu!

Kiangazi hicho hicho binti yake akashikwa na uchungu wa kujifungua. Gari la mwenye duka, ndilo lililokuwa likipeleka wagonjwa, lilikuwa limechemka na kukwama mlimani. Nikawasha pikapu, tukafika hospitali Kitui bila kusimama.

Jumapili Mama Kasyoka akasimama kushukuru: "Ni Mungu tu alitubeba."

Nikasema amina kama wengine, lakini mpaka leo inaniuma.

Usiuze gari. Osha rejeta, ukinge mvua. Mungu alitubeba, sawa. Na yale maji, aliyakinga nani?

Susu wako