Kwa Mama Bado, Daktari wa Mshipa Mkuu

Mwaka mzima umetimia tangu ulipotutoka, na maswali yako bado yamejaa nyumbani. Watoto wamenipa kalamu mimi mumeo niandike tangazo hili la kumbukumbu, kwa sababu wanasema ndiye niliyeulizwa mengi kuliko wote. Wanasema kweli.

Uliolewa na mwalimu wa udereva, na mpaka leo nadhani nusu ya sababu ilikuwa kupata mtu wa kumhoji habari za breki. Tumekaa mezani, chakula hata hakijapoa, unaanza. "Hebu niambie, gari likisimama ghafla, kifua cha dereva kinakwenda wapi?" Nakujibu, "Kinakwenda kwenye sahani, kama mke wake atamwacha ale." Unacheka, lakini jibu unalitaka, na huniachi mpaka ulipate.

Siku moja ulichukua mwavuli wangu, ukaugeuza mpini juu. "Mshipa mkuu ndio huu. Unatoka moyoni, unapinda hapa, kisha unateremka nyuma ukiwa umeshikana na uti wa mgongo. Gari likigonga, moyo unaendelea na safari, na huku nyuma mshipa umeshikwa. Unachanika hapa kwenye kona." Niliukodolea macho ule mwavuli kama vile sikuwahi kuuona. Tangu siku ile nikawa mkali wa mikanda, hadi wanafunzi wangu wakasema mzee ana wazimu.

Wengi wenye jeraha hilo hawafiki hospitali. Wewe ulitaka kujua habari za wale wanaofika. Wenzako walikuwa wanakimbilia kufungua kifua palepale, na wagonjwa wakifia mezani, maana mtu huyo huyo mguu umevunjika, bandama limepasuka, damu imemwishia. Ukamwona mmoja aliyecheleweshwa kwa sababu tu chumba cha upasuaji kilikuwa kimejaa, akapona. Wengine walishukuru Mungu wakaendelea na shughuli zao. Wewe ukaja kuniuliza mimi, "Mbona huyu kapona?" Kana kwamba ninajua.

Swali hilo likala miaka yako. Je, tukishusha kwanza presha kwa dawa, tukatibu majeraha mengine, mshipa tukaurudia mgonjwa akiwa ametulia? Ulikusanya habari za wagonjwa, na hukutosheka, ukayafuata mpaka magari yao gereji. Nilikukuta umeketi ndani ya gari lililobonyea, futi ya kamba mkononi, unapima usukani umeingia ndani kiasi gani. Fundi alidhani umekuja kununua. Akakwambia kwa huruma, "Mama, hili sikushauri."

Hospitalini nako wakakubandika jina. Daktari anakuja mbio: "Tukate?" Wewe: "Bado." Anarudi: "Sasa je?" "Bado kidogo, presha haijashuka." Ukawa Mama Bado, hata wafagizi wakakuita hivyo. Wapo waliosema ni uoga, na hilo lilikuuma. Uliniambia jikoni huku unakatakata vitunguu, "Kukata ninajua. Ninachotafuta ni lini." Ulipomaliza hesabu zako ilionekana kwamba waliosubirishwa kwa namna yako walipona zaidi, na wengi wao hawakufunguliwa kifua kabisa. Walipitishiwa mrija wa kitambaa wenye wavu wa waya. Unaingizwa kinenani ukiwa umekunjwa, na ukifika kwenye jeraha unafunguka na kuliziba kwa ndani. Mrija mmoja ulikuja nao nyumbani, ukatukataza kuuchezea, kisha ukauchezea wewe jioni nzima.

Baadaye ukahamia kwenye uvimbe wa mshipa huohuo, pale unapopita tumboni. Ukuta unalegea, unatuna polepole bila maumivu, mpaka siku unapasuka, na ukipasuka ni wachache wanaowahiwa. Ukataka kujua uvimbe mdogo uachwe ukiangaliwa, au utengenezwe mapema. Ulihitaji pia watu wazima wasio na tatizo, wa kulinganisha nao. Ukaniandikisha mimi. Mtu umelala ubavuni mwake miaka yote hiyo, utamdhania nini? Uliniweka upande wa wazima kabla sijapigwa hata picha moja. Mganga hajigangi, na kumbe mumewe naye hamgangi.

Picha zote zilifunikwa majina, zikapimwa na watu wawili wasiosemezana: wewe, na yule daktari uliyemfundisha, uliyemwita "kijana" hata alipoota mvi. Kwenye picha moja mkapishana. Yeye aliona uvimbe. Wewe ukasema mshipa umepanuka kidogo tu, ni umri. Mkarudia, ikawa vilevile. Jina lilipofunuliwa, lilikuwa langu.

Siku hiyo ulirudi mapema, ukakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni. "Niliijua picha yako," ulisema. "Mgongo wako umepinda upande kwa kukaa garini. Nilikujua kabla sijapima, na mkono wangu ukakupunguza." Nilikuwa sijawahi kukuona ukiogopa. Uliogopa, nami nikaogopa kwa sababu yako. Nikajaribu kukutania, nikasema basi nipunguze tena. Hukucheka.

Ukaamua hutanipima tena kamwe, na kipimo cha kijana ndicho kitakachofuatwa. Hata kwa kipimo chake uvimbe ulikuwa haujafika ule ukubwa mliouita mstari wa kukata, kwa hiyo nikawa wa kusubiri na kurudi kila baada ya miezi sita. Dada yako alikuja juu. "Shemeji anatembea na bomu tumboni, na nyie kazi yenu ni kulipima?" Ulimweleza kwa upole kwamba operesheni nayo inaua, na kwa uvimbe mdogo hatari yake ni kubwa kuliko ya uvimbe wenyewe. Hakuridhika. Akakuuliza ungesema hivyo kama angekuwa mume wa mwingine. "Dada, ndivyo nilivyowaambia wake za watu wote," ulimjibu. "Nikigeuza neno kwa wangu, nitakuwa niliwadanganya."

Nilipoingia kupimwa ulibaki koridoni, mikono umeikunja, unasoma lile bango la kunawa mikono ulilolisoma maisha yako yote ya kazi. Nilikuwa nakuchungulia mlango ulipofunguliwa. Ulikuwa husomi kitu.

Kisha homa ya mapafu ikakuchukua wewe, ambaye hakuna aliyekuwa akikuhofia. Tulikuwa tumejiandaa kwa msiba mmoja, ukatujia mwingine. Hilo hatujalielewa, na tunakuambia wazi kwamba tumelia sana.

Matanga hayajapoa, dada yako akaanza. "Mwenye kusema bado hayupo. Nenda ukakatwe." Binti yetu alikuwa upande wake, na mwanetu mdogo akawa hana upande, analia tu. Nami sikujua tena kama ninasubiri kwa sababu ya utafiti wako, au kwa sababu neno hilo ni lako na sitaki kuliacha. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na moja kati yake linaweza kumwua mtu. Siku yangu ya kupimwa ilipofika nikaenda, dada yako nyuma yangu, amenuna.

Kijana alipima. Akapima tena. Akaweka kifaa chini, akafuta mikono. "Mzee, naomba nimwite mwenzangu wa wodi nyingine." Nikamuuliza kuna nini. "Ninapata kipimo kilekile cha mara iliyopita, na sijiamini. Tangu Mama aondoke, nadhani hata mimi nimeanza kukupunguza."

Akaja daktari mwanamke asiyenijua hata kwa sura. Hakuniuliza hali yangu wala yako. Alipima, akataja alichokipata, akaondoka zake. Uvimbe ulikuwa umeuvuka mstari.

Nilitoka nikamwambia dada yako, "Sasa." Yeye aliyelililia neno hilo muda wote alikaa chini kwenye benchi, akanishika mkono, akaniuliza kama kweli ni lazima.

Ni yule daktari mgeni aliyenitengeneza. Kijana alikataa kuushika mkasi, akakaa koridoni pamoja na watoto. Mrija uliingia kinenani na kufunguka mahali pake, na nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu yangu, nikilalamikia chakula cha hospitali. Nina swali moja nimebaki nalo, na aliyekuwa anapenda maswali hayupo. Ulipoipima picha ile mara ya kwanza, ulijua saa ileile kwamba unanipunguza, au ulijua baada ya kuliona jina? Nimemuuliza kijana. Anasema hata yeye hajui lini alianza.

Wanaokukumbuka ni dada yako, ambaye ameacha kugomba na sasa anawaambia majirani wakapimwe. Binti yetu na mdogo wake. Mjukuu wako, anayeuliza kila kitu na kutuchosha, na hatumkatazi. Kijana wako, tuliyemwingiza katika familia bila kumuuliza. Na wenzako wote wa wodini.

Na mimi mumeo. Tulipokuzika, dada yako alihofia kwamba tangazo la mwaka huu lingekuwa la watu wawili. Ni la mmoja, nami ndiye ninayeliandika, kwa kazi ya mikono yako na ya uliowafundisha. Tutakukumbuka siku zote tulizobakiziwa.