Usiezeke Nyumba Yangu, Wafula

Thornton Heath, London

Mpendwa mdogo wangu Wafula,

Nakusalimu kutoka kwa binti yangu Nasimiyu, ambako nimelala tangu majani yaanze kuanguka. Magoti yako yanaendeleaje? Na shemeji Rebeka, sukari yake imeshuka? Kuhusu afya yangu sitakuficha: mapafu yamechoka, na daktari ameacha kuzungumza habari za dawa. Siku hizi ananiuliza tu kama nina maumivu. Naandika mistari michache kila asubuhi, kisha napumzika.

Juzi ulipopiga simu ulikuwa na furaha. "Kaka, kuta zimefika madirishani," ukasema. "Hutaingia bomani kwa baba kama mgeni. Utalazwa kwenye nyumba yako kwanza." Wajukuu wakauliza, kwa Kiingereza chao, kwa nini mtu anayekufa ajengewe nyumba. Nasimiyu akawaeleza kwamba kwetu mwanamume asiye na nyumba katika boma la baba yake hazikwi mle mpaka asimamishiwe moja. Akalia. Mimi sikulia. Nilijua lazima nikuandikie kabla hujaezeka.

Nyumba yangu ya kaskazini mwa nchi hii unaijua kwa picha. Mji wenyewe ni mdogo, wa viwanda vya sufu, nilikofanya kazi ya mitambo: barabara moja inayoshuka mtoni, nyumba za mawe zilizoshikana, nyeusi kwa moshi wa tangu kabla babu yetu hajazaliwa. Ile yangu ilijengewa wafumaji. Ghorofa ya juu ina madirisha tisa mfululizo, ili mwanga ufike kwenye nyuzi. Nilipopanda kule mara ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kupanga vyumba vya watu, niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Ndipo mama akafariki.

Huku, hata mkishapatana bei kama tulivyopatana, mpaka mawakili wabadilishane mikataba, muuzaji anaweza kukugeuka, na kulikuwa na mtu na mkewe waliokuwa wakiinyemelea nyumba ile ile. Mke wangu Rosa, Mungu amrehemu, alikuwa amekwisha kunifungia sanduku. "Baba Nasimiyu, nenda," akaniambia. "Mama hafi mara mbili. Nyumba za mawe zimejaa hapa." Nikamwambia haelewi. "Naelewa sana," akasema. "Naogopa siku wewe utakapoelewa."

Nikakupigia simu, nikakuambia ofisi ya uhamiaji imeshikilia pasipoti yangu. Wafula, pasipoti ilikuwa kwenye droo ya jikoni. Hakuna aliyenizuia.

"Tutakungoja, kaka," ulisema. "Wewe mkubwa ndiye wa kwanza kutupa udongo kaburini." Mkangoja siku kumi na moja, mama akiwa mochari. Siku uliyoutupa udongo ule kwa niaba yangu, mimi nilikuwa kwa wakili natia sahihi. Nilipotoka nilinunua samaki na chipsi, nikala nikitembea.

Baba mdogo alikusimamisha mbele ya watu: "Umemruka kaka yako kaburini naye yu hai, amefungwa na serikali ya watu! Ungepungukiwa nini kwa kungoja?" Ukaniomba niwaandikie wazee. Niliandika kurasa mbili za Kiswahili safi, nikiilaani serikali, nikikuombea msamaha kwa kukosa subira. Mimi, kukuombea wewe msamaha! Nawe ukaisoma barua ile kwa sauti yako mwenyewe.

Mwaka uliofuata mlipomzika Simiyu, mtoto wenu wa kwanza, Rebeka aliambiwa pale pale kaburini kwamba kilichomuua ni ule udongo ulioutupa wewe. Nilipata habari. Ningeweza kusema neno moja. Nikanyamaza.

Usidhani niliadhibiwa. Niliishi vizuri pale. Jumamosi nilipaka rangi milango, jirani aliniletea mbegu za maharagwe, na jioni za kiangazi mimi na Rosa tulikaa chini ya madirisha yale tisa tukanywa chai. Hilo ndilo linalonitisha. Unyevu ulikuja baadaye, na baridi, maana nyumba za kihistoria hawaruhusu kubadilisha madirisha. Rosa alikohoa majira mawili ya baridi, akanitoka. Sikuwa tena na mtu aliyejua.

Sasa mwambie fundi asiezeke. Waite wazee waliobaki, Rebeka akae mbele, uwasomee barua hii yote. Pale kwenye pasipoti usipunguze neno. Waambie hukumruka mtu: wa kwanza alikataa kuja, na wa pili alikuwa na haki yote. Kisha mwamue. Nimemkataza Nasimiyu asiwasihi. Mkikataa, atanipeleka kaskazini nikalale kando ya Rosa, nami sitakuwa na kinyongo. Mkikubali, udongo wa kwanza autupe Rebeka. Akitaka.

Msalimie dada yetu Nafula, aliyemwosha mama. Msalimie mwalimu Barasa, mume wake, na wanao wote ambao wananijua kwa sauti tu. Rebeka usimpe salamu zangu. Mpe barua hii aisome mwenyewe kwanza, kabla ya wazee.

Kaka yako,
Wekesa