Sifuna Alisema "If", Hakusema "When"

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa maana mama yuko Kangundo na mambo haya ya Kiingereza siwezi kumweleza, mimi napokea simu katika ofisi moja mjini, na mchumba wangu Sifuna ni seremala Dagoretti, na kwa miaka miwili ameniambia, "Nikipata nyumba nitakuoa," nami nikaridhika, hata wazee wake wanatarajiwa kwetu mwezi ujao kuleta posa. Mwaka huu tulianza pamoja masomo ya jioni ya Kiingereza katika ukumbi wa kanisa, Kilimani, na juzi Mwalimu Philister alitufundisha vishazi, akasema kishazi kikuu husimama chenyewe lakini kishazi tegemezi hakiwezi, kisha akamwambia Sifuna atoe mfano, naye akasimama, akanitazama akicheka, akasema, "If I get a house, I will marry Kalekye." Darasa likapiga makofi, lakini Mwalimu akamuuliza, "If, au when? Mwenye kusema 'when' anajua jambo litakuja. Wa 'if' hajui." Sifuna akafikiri, akajibu, "If, Mwalimu," akaketi. Nilichukua mkoba nikatoka, na tangu hapo akipiga simu ofisini namwunganisha na idara ya mizigo, lakini nikifika nyumbani nalia. Je, nimwache?

Kalekye, Nairobi

Kalekye, pole. Neno kama hilo mbele ya watu linauma. Lakini hebu tulia. "Nikipata" yetu hubeba yote mawili, hakika na shaka, na kwa miaka miwili kila mmoja wenu alisikia alichotaka. Kiingereza kilimlazimisha Sifuna achague, naye akachagua ukweli. Seremala gani katika Nairobi ya leo anajua kwa hakika kwamba atapata nyumba? Mwongo angesema "when" apigiwe makofi mara ya pili.

Kosa lake ni kuifanya ndoa yenu iitegemee nyumba. Lako ni kukubali bila kuuliza, na sasa unamwadhibu kwa simu kama mtoto. Acha hiyo tabia.

Jumamosi nenda Dagoretti, umvute kando, mbali na mafundi wenzake, umuulize kwa lugha mliyopendania: "Tukikosa nyumba, utanioa?" Akisema ndiyo, tafuteni chumba kimoja, wazee waje. Akianza kuzungukazunguka, peleka habari nyumbani upesi, kabla mbuzi hajachinjwa.