Leti Lubunga

Baraka, Mei 1956

Hapa Baraka nani ana bahati kama mimi? Mwaka mmoja Kigoma, nikarudi na Kiingereza kizima! Ndiyo maana barua iliyotoka kazini kwa kaka yangu mukubwa Lubunga nilimusomea mama mimi mwenyewe. "Leti Lubunga," nikatafsiri: Lubunga amechelewa.

Mama akacheka. "Huyo hata kuzaliwa alichelewa! Nimuwekee samaki."

Leo pasta Mwingereza ameisoma. Anasema leti ni mwenye kuchelewa, kweli. Zamani lilikuwa neno la muntu muchovu, aliyelegea. Lakini mbele ya jina, ni marehemu.

Sikulia. Nimekula bugali wote bila kusikia ladha.

Mama ameniuliza: "Leti wetu iko njiani?"

"Iko njiani, mama."

Kiingereza sijui. Kigoma nilibeba magunia tu.